Kufundisha Watu Wazima Kiingereza
Hotuba ya walimu wa darasa la jioni katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Twashukuru kupewa nafasi ya kusema machache juu ya darasa la Kiingereza. Wengi wamelisifu leo. Yatupasa sisi tukiri kosa letu.

Tulipoanza, hatukuwa tumepata kumfundisha mtu mzima hata mmoja. Tulichukua kitabu cha watoto, tukawakaririsha wazee wenye wajukuu habari za paka na mpira. Wiki ya tatu viti vikaanza kubaki vitupu. Tulimfuata mzee mmoja nyumbani kwake. Akatuambia kwa upole kwamba paka wake humwita kwa lugha ya nyumbani, naye huja. Kilichomsumbua ni karatasi ya mauzo ya kahawa aliyokwisha kuitia sahihi bila kuielewa. Tukarudi kwa aibu.

Tangu siku hiyo karatasi ya mauzo ndiyo kitabu chetu. Tulianza na maneno matatu: "gross", uzito wa kahawa pamoja na gunia, "tare", uzito wa gunia tupu, na "net", uzito wa kahawa yenyewe. Kilo 61 ukitoa kilo 1, zabaki 60. Hesabu hiyo wanafunzi waliijua tangu zamani. Walikosa majina tu.

Tulijifunza pia kwamba kosa la mtu mzima lina sababu yake. Kiswahili husema "yeye" kwa mume na kwa mke. Si ajabu basi mtu akimtaja mkewe kwa "he". Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza huandika hata herufi isiyotamkwa, kama "k" ya "know".

Lililotugharimu zaidi ni saa. Mwenzetu mmoja aliambiwa lori litafika "two o'clock". Akaleta magunia yake saa mbili asubuhi, akangoja mpaka saa nane mchana. Waingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane na adhuhuri. Sisi huanza macheo na machweo. Saa sita za kazi zilipotea kwa neno moja! Siku hizi, kabla ya kumsahihisha mtu, twamwuliza kwanza alivyofikiri. Tena ni mwiko kumcheka, kwa kuwa mtu mzima akiaibishwa mbele ya jirani zake harudi tena.

Hata hivyo, ndugu zetu, darasa haliiondolei ofisi wajibu wake. Asiyejua Kiingereza ni mwanachama kamili, na kahawa yake ina uzito ule ule. Kwa hiyo twaiomba Halmashauri iagize kwamba kila karatasi isomwe kwa Kiswahili kabla mwanachama hajaitia sahihi. Nasi tutaendelea kufundisha, ili anayesomewa aweze pia kuhakikisha kwa macho yake mwenyewe.