Moshi Mweusi wa Chini ya Bahari ni Mali ya Nani?



Mtu akikuambia kwamba una haki katika shaba iliyoko chini ya Bahari ya Hindi, huenda ukamdhania tapeli. Lakini ndivyo sheria isemavyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989, unatamka kwamba madini yaliyo katika sakafu ya bahari, nje ya mipaka ya nchi yoyote, ni urithi wa pamoja wa wanadamu wote. Mimi na wewe tumo. Kwa hiyo juma hili naomba tuukague urithi wetu: umetengenezwaje, na ni nani wanaoupigia hodi.

Tuanze na mwaka 1977. Mwezi Februari mwaka huo, nyambizi ndogo ya Marekani iitwayo Alvin ilishuka kina cha mita 2,500 karibu na visiwa vya Galápagos, katika Bahari ya Pasifiki. Wataalamu wa miamba na kemia walikuwa wakitafuta chemchemi za maji moto ambazo hadi wakati huo zilikuwa nadharia tu. Walizikuta. Chupa za maji yake zilipofunguliwa melini, harufu ya mayai viza ikatanda. Na kandokando ya chemchemi hizo, katika giza totoro, kulikuwa na jamii nzima ya viumbe. Msafara haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja, kwa sababu hakuna aliyetazamia uhai mahali pale. Baadhi ya viumbe hao ilibidi wahifadhiwe katika pombe ya vodka.

Miaka miwili baadaye, 1979, nyambizi hiyohiyo ilikuta ajabu kubwa zaidi mbali na pwani ya Meksiko. Safari hii maji yalikuwa yakifoka kutoka katika mabomba ya mawe, mfano wa dohani za kiwanda, yakitoa moshi mweusi tii. Kipima joto kilipotiwa mdomoni mwa dohani, plastiki yake iliyeyuka. Baadaye ilibainika kwamba joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 350 za Sentigredi.

Utauliza, maji ya nyuzi 350 yanakosaje kuchemka? Jibu analo kila anayepika maharage kwa sufuria ya presha. Uzito wa maji ya mita 2,500 unakandamiza mara 250 kuliko hewa tunayoivuta hapa juu, na kwa mkandamizo huo maji hubaki kuwa maji.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe. Sakafu ya bahari ina nyufa, hasa pale ambapo mapande makubwa ya ganda la dunia yanaachana. Maji ya bahari, yenye baridi ya nyuzi 2 hivi, huzama katika nyufa hizo na kuukaribia ujiuji wa volkano. Yakipata moto, hubadilika tabia. Umewahi kuona ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai? Baadhi ya chumvichumvi hazipendi moto. Maji yakichemka hujitenga na kuganda. Huko chini nako chokaa na salfeti hujitenga vivyo hivyo na kubaki katika mwamba. Madini ya magnesi nayo hunaswa na mwamba, na katika kunaswa huko maji huachiwa ukali wa tindikali. Oksijeni nayo hutoweka.

Yale maji ya kawaida sasa yamekuwa kitu kingine: ya moto mno, yana uchachu unaokaribia ule wa siki, na yamejaa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ni sumu. Maji makali namna hiyo hulamba mwamba na kuondoka na chuma, shaba, zinki na manganizi. Hata chumvi ya bahari husaidia kuyashika madini hayo yasiachwe njiani.

Kisha maji hayo hufoka kurudi baharini. Hapo hutokea kile kinachotokea kwa samli asubuhi ya baridi. Kilichokuwa kimeyeyuka katika moto huganda mara kikutanapo na ubaridi. Shaba, chuma na zinki hushikamana na salfa na kuwa chembechembe nyeusi. Huo ndio moshi, ndugu msikilizaji. Si moshi wa moto bali ni vumbi la madini. Sehemu kubwa hupeperuka na maji. Inayosalia hujenga dohani na, kwa maelfu ya miaka, hulundikana kuwa mlima mdogo wa mali.

Wala si hadithi ya mbali. Shaba ya Oman, katika milima iliyo nyuma ya mji wa Sohar, iliyochimbwa tangu enzi za kale, ilizaliwa hivi hivi. Ile milima ilikuwa sakafu ya bahari kabla haijasukumwa juu ya nchi kavu.

Lakini kemia hii haikuleta shaba tu. Kwanza, imetusaidia kujua kwa nini bahari ina chumvi kwa kipimo ilicho nacho. Mito huingiza magnesi baharini kila siku, na wataalamu walishangaa kwa nini hairundikani. Akina John Edmond, mkemia wa chuo cha MIT huko Marekani, walipopima maji ya Galápagos waligundua kwamba sehemu kubwa inaishia katika miamba ya moto. Pili, ile gesi ya sumu ndiyo chakula. Kuna bakteria wanaoichanganya na oksijeni ya bahari na kupata nguvu ya kujenga miili yao bila kuhitaji mwanga wa jua. Minyoo mikubwa ya Pasifiki, ambayo hufikia urefu wa mita 2, haina mdomo wala tumbo. Imewahifadhi bakteria hao mwilini nao wanailisha. Jambo hilo lilielezwa na Colleen Cavanaugh mwaka 1981, akiwa bado mwanafunzi.

Katika Bahari yetu ya Hindi, Wajapani walizikuta chemchemi za Kairei mwaka 2000. Mwaka uliofuata akaonekana huko konokono ambaye mguu wake umefunikwa na magamba yenye chuma na salfa. Ameivaa kemia ya mahali pake kama deraya. Makazi yake yote yanayojulikana, ukiyakusanya pamoja, hayazidi viwanja vichache vya mpira. Mwaka 2019 aliingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya uchimbaji ambao hata haujaanza.

Nani wanapiga hodi? Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaika, imekwisha kutoa leseni za kutafuta madini ya aina hii katika Bahari ya Hindi kwa China, Korea Kusini, Ujerumani na India. Leseni hizo ni za kutafuta, si za kuchimba. Kanuni za kuchimba zilikuwa bado hazijakubaliwa hadi vikao vya Julai 2025, na zaidi ya nchi 30 zimetaka shughuli hiyo isubiri.

Wanaotaka kuchimba wana hoja. Dunia inahitaji shaba ya nyaya na mitambo ya umeme, na wanasema watagusa dohani zilizokufa tu. Lakini dohani iliyolala inaweza kuamka, na tope litakalotimuliwa halitauliza jirani ni hai au mfu. Tena mali ya kina kirefu si mali ya mkononi. Papua New Guinea ilitoa leseni ya kuchimba katika maji yake mwaka 2011, serikali ikanunua hisa. Kampuni ilifilisika mwaka 2019 kabla ya kutoa hata tani moja ya kuuza, na nchi ile ikapoteza zaidi ya dola milioni 100.

Sisemi tusichimbe kamwe. Nasema wenye mali waulizwe. Wajumbe wetu wanapokwenda Kingston, wanakwenda na msimamo gani? Umejadiliwa bungeni? Faida itagawanywaje, na hasara ataibeba nani? Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Urithi huu uko kwenye giza la mita 2,500, ambako hakuna jirani wa kupiga yowe. Daftari lake tulishike sisi.

Hadi juma lijalo, kwaherini.