Mbegu ya Okidi Haipandwi Udongoni



Kuna pakiti za mbegu za okidi zinazouzwa mitandaoni, zenye picha za maua ya kupendeza. Mnunuzi huambiwa azinyunyize kwenye udongo, atie maji, na baada ya miezi michache atauza maua. Anayelipia pakiti hiyo amezitupa pesa zake, na sababu iko ndani ya mbegu yenyewe.

Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi. Tunda moja laweza kubeba laki kadhaa za mbegu, na kwa aina nyingine hata milioni moja na zaidi. Punje ya mahindi huwa na chakula cha kulisha mche hadi utoe majani. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Msituni huota tu ikikutana na kuvu maalum inayoilisha, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899. Mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuota bila kuvu, mradi zipewe sukari na madini kwenye jeli ya mwani ndani ya chupa. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Ugumu wake ni usafi. Sukari inayolisha okidi hulisha ukungu pia, na chembe moja ya ukungu huimaliza chupa nzima kwa siku chache. Ndiyo maana chupa huchemshwa kwa mvuke wa presha, nyuzi joto 121, kwa takriban dakika 15, na mbegu hupandwa mahali palipokingwa na vumbi. Wengi huchuma tunda likiwa bado bichi, kabla halijapasuka, kwa sababu ndani yake ni safi na ni ganda la nje tu linalohitaji kuoshwa kwa dawa. Wakulima waliowahi kununua miche ya migomba kutoka maabara wanaifahamu kazi hii. Asiye na vifaa apeleke tunda maabara, au anunue miche ikiwa ingali chupani.

Baada ya mwaka mmoja hivi, kulingana na aina, miche hutolewa chupani, ikaoshwa jeli yote na kuhamishiwa kwenye kivungulio. Hapa Pwani ndipo wengi hupotea. Kivungulio cha plastiki kilichofungwa pande zote, kama cha nyanya za nyanda za juu, huwa tanuri. Okidi za joto huhitaji neti ya kivuli, pande zilizo wazi kwa upepo, na unyevu hewani. Hazipandwi kwenye udongo bali kwenye vipande vya mkaa na makumbi ya nazi. Makumbi hayo yalowekwe na kusuuzwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Maji ya visima vingi vya Pwani nayo yana chumvi, na mizizi ya okidi haiivumilii. Mwenye tangi la maji ya mvua ametangulia.

Kisha ni kungoja. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka 3 hadi 7, kwa hiyo asikope mtu akitarajia kulipa kwa maua ya msimu ujao.

Urefu huo wa safari ndio unaowashawishi wengine kukata njia na kubandua okidi mitini, hasa ile yenye madoa kama ya chui, Ansellia africana, iliyoorodheshwa kimataifa miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Kichaka kilichochukua miaka mingi kukua hung'olewa kwa dakika chache, na mara nyingi hufia kwa mnunuzi. Kuondoa mimea katika msitu wa umma bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016. Okidi zote pia zimo katika mkataba wa CITES, kwa hivyo anayepanga kuuza nje ya nchi aulize mapema kuhusu vibali vya KWS na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS.

Mwenye okidi moja inayochanua nyumbani tayari ana pa kuanzia. Chavua yake imeshikamana kama vidonge vidogo vya manjano. Huhamishwa kwa kijiti cha meno hadi kwenye ua la mmea mwingine wa aina hiyo. Ua likinyauka na shina lake likavimba, tunda limeshika. Andikeni tarehe, kwa maana maabara itaiuliza.