Ukoma na Hofu ya Ukoma

Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la wazee na waalimu

Nimeombwa niseme juu ya ukoma, ugonjwa wa kale ambao hata leo haujatoweka duniani. Nitaanza na habari za nchi ya mbali, kwa kuwa zina mafundisho kwetu.

Katika bahari ya Pasifiki viko visiwa viitwavyo Hawaii. Mwaka 1865, zamani za Mfalme Kamehameha wa Tano, ilitungwa sheria ya kuwatenga wenye ukoma. Mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza walishushwa Kalaupapa, katika kisiwa cha Molokai, mahali palipozungukwa na bahari pande tatu, na upande wa nne ni majabali marefu. Kwa muda wa miaka mia na zaidi watu wapatao 8,000 walipelekwa huko, na wengi hawakurudi kwao.

Katika kisiwa cha Kauai alikuwako mchunga ng'ombe, jina lake Koolau. Alipoonekana ana ukoma alikubali kwenda, ila kwa sharti mkewe Piilani afuatane naye. Alipokataliwa, alikimbilia bonde la Kalalau pamoja na mkewe na mwana wao. Mwaka 1893 askari walipelekwa kumkamata, hata na mzinga, wasimpate. Mtoto naye alikuwa na ukoma, akafa bondeni. Kisha baba akafa. Piilani alimzika mumewe peke yake, ndipo akarudi kwa watu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Ni kweli, lakini na tuulize, ni nani aliyemfundisha Koolau kujificha? Sheria ilitungwa ili ugonjwa ukome, nayo ikawafanya wagonjwa waogope kujulikana.

Sasa nieleze asili ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1873 daktari Armauer Hansen, katika mji wa Bergen nchini Norwe, aligundua kwa hadubini vijidudu vya ukoma. Basi ukoma si laana, si uchawi, wala haurithiwi. Yaaminika kwamba huenea kwa matone ya pumzi ya mgonjwa asiyetibiwa, kwa wale wakaao naye karibu siku nyingi. Tena watu walio wengi miili yao huushinda.

Dawa nayo ilipatikana. Mwaka 1941 huko Carville, Marekani, yalianza majaribio ya dawa iitwayo promini, na wagonjwa wakapata nafuu. Hata hivyo sheria ya kutenga watu kule Hawaii haikuondolewa mpaka mwaka 1969. Tazameni jinsi hofu inavyokawia kuondoka, hata dawa ikiwa imekwisha kupatikana.

Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limeagiza dawa kadhaa zitumiwe pamoja, na tangu 1995 hutolewa bila malipo. Mgonjwa huzitumia miezi sita au kumi na miwili, akapona. Na mara aanzapo kuzitumia haambukizi wengine. Walakini mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 duniani, wengi wao katika India, Brazili na Indonesia.

Dawa huua vijidudu, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika haiwezi kuirudisha. Mkono usiosikia moto huungua jikoni, na mguu usiosikia mwiba huoza. Kwa hiyo kuchelewa ndiko kuletako kilema.

Waalimu, mkiona mwanafunzi ana baka lililopauka au jekundu, naye akiguswa hapo hasikii, mwiteni mzazi wake kwa siri, wala msimtaje mbele ya wenziwe. Wazee, msikubali mtu afukuzwe nyumbani, wala ndoa ivunjwe, kwa sababu ya ukoma. Na kama yuko kijijini kwenu mwenye alama hiyo, aende hospitali kesho asubuhi, na jamaa yake amsindikize.