Mahali pa Kutazamia Ndege Kisumu

Jioni ya leo twataka kujibu swali ambalo wanafunzi hutuuliza kila likizo: mtu asimame wapi apate kuziona vema eropleni zikitua Kisumu?

Wenyeji hujibu upesi, "Nendeni Usoma." Nasi tulilifuata shauri hilo. Tuliwachukua watoto thelathini na wawili, tukawafikisha ufuoni Usoma saa tisa alasiri, baada ya mwendo mrefu wa miguu. Eropleni ikaja, lakini ilishukia ncha ya mbali, upande wa barabara ya Busia. Mtoto mmoja, ambaye hakupata kuona ndege kwa karibu tangu kuzaliwa kwake, alilia. Kosa lilikuwa letu walimu, maana hatukuutazama upepo.

Eropleni hutua ikiukabili upepo, ipate kupunguza mwendo wake juu ya ardhi. Njia ya kutulia ya Kisumu imelala tokea kaskazini-mashariki hata kusini-magharibi. Ndiyo maana ncha zake zimeandikwa 06 na 24. Zidisheni kwa kumi, nanyi mtapata nyuzi za dira. Mchana, jua huipasha nchi kavu moto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi hupanda, na upepo wa ziwani huja kushika nafasi yake. Kwa hiyo alasiri ndege kwa kawaida hutokea upande wa bara, zikielekea ziwani. Asubuhi mapema, nchi ingali imepoa, upepo huweza kutoka bara. Hapo ndege huja juu ya Ghuba ya Winam, na Usoma huwa mahali pazuri kweli. Basi, kabla ya kutoka nyumbani, tazameni moshi wa jikoni unakolalia.

Sisi wenyewe twapenda zaidi vilima vya Riat, katika njia ya Kakamega. Ni mbali, wala ngurumo haisikiki sana, lakini uwanja, mji na ziwa vyote huonekana pamoja, na upepo ukigeuka huna haja ya kuhama. Huko juu ni rahisi kuwaeleza watoto kwamba mwaka 1931, kampuni ya Imperial Airways ilipoanza kuleta barua kutoka London, ndege zake zilitua Kisumu juu ya maji yale yale.

Lakini lile la Usoma halijaisha. Watoto wetu, kwa kuchoka kungoja, waliokota matumbo ya samaki wakawa wakiwarushia mwewe, nasi tukacheka pamoja nao. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyewakataza. Alisema mwewe na korongo wakizoea kula hapo, hupaa mbele ya eropleni. Na ndege mmoja wa manyoya akiingia katika mtambo aweza kuuharibu, na watu wamo ndani. Tuliona haya. Tangu siku ile, mabaki ya chakula chetu hurudi nyumbani katika vikapu, tiara hazirushwi, wala hakuna anayeukaribia ua wa uwanja.

Tulirudi Usoma mwezi uliofuata, saa moja asubuhi, moshi ukilalia ziwani. Eropleni ilitokea juu ya maji, ikapita karibu hata magurudumu yake yakaonekana wazi. Yule aliyelia aliyahesabu kwa sauti: yalikuwa sita.