Kukamua: kutoka maziwa hadi alizeti

Ndugu msikilizaji wa Singida, msimu wa alizeti ukifika mashine za kukamua hazilali: mafuta yanachuruzika huku, mashudu yanatoka kule kwa ajili ya mifugo. Kitenzi hicho hicho tunakitumia kwa ng'ombe, ndimu, nguo iliyofuliwa, hata jipu. Vijana nao husema mwanamuziki amekamua jukwaani, na hawajakosea. Lugha hai hukua hivyo.

Asili ya kitenzi hiki ni ya Kibantu kabisa. Kiswahili cha zamani kina kukama, na hadi leo Waganda wa Uganda husema okukama, na Washona wa Zimbabwe kukama, wakimaanisha kukamua maziwa.

Je, kwa Kinyaturu na Kinyiramba mnasemaje? Waulizeni wazee jioni ya leo, mwandike, mtutumie.