Waogiek bado wanasubiri

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za jamii ya Waogiek kwa kuwafurusha kutoka Msitu wa Mau. Juni 2022 mahakama hiyo ikaagiza walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya, na wapewe hatimiliki ya pamoja ya ardhi ya mababu zao. Novemba 2023, huko Narok, nyumba zao zikabomolewa tena.

Serikali husema inalinda msitu. Ajabu! Waogiek ni warina asali; mizinga yao imetundikwa kwenye miti hiyo hiyo, na mti ukikatwa, asali nayo imekwenda. Suluhu gani hii ya kubomolea watu nyumba? Serikali iwakabidhi hatimiliki yao.