Tungoje Kura Zipite
(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Nimeombwa niseme juu ya siasa na ukosefu wa kazi. Msiogope, sikuja kumwombea mtu kura.

Mwaka 2017 kijijini kwetu tajiri mmoja alichimba msingi wa duka kando ya barabara. Aliandika mafundi wanne na vijana sita wa kubeba mawe, na mama mmoja akawa anawapikia githeri. Ilipofika Julai akawaambia, "Tungoje kura zipite." Kura zikapigwa Agosti 8. Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais, ukarudiwa Oktoba 26. Tajiri akangoja tu. Msingi ukajaa maji, vyura wakahamia humo. Kwetu hakuna jiwe lililorushwa, lakini watu kumi na mmoja walikosa riziki mpaka mwaka ukaisha.

Simlaumu sana. Mtu akijua ushuru utapanda, hupiga hesabu na kujenga hivyo hivyo. Lakini asipojua kama barabara itapitika mwezi ujao, hesabu ataianzia wapi? Pesa inakaa. Na wa kwanza kuambiwa "rudi nyumbani" ni kibarua, maana hana hata barua ya kazi.

Fujo zikija ni mbaya zaidi, na wengi wenu mliona. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kibaki na Raila walitia sahihi mapatano Februari 28, 2008, lakini wafanyakazi wa hoteli kule Pwani walikuwa wamekwisha kusimamishwa, na Machi, wakati wa kupanda mahindi Bonde la Ufa, wakulima wengi walikuwa kambini. Uchumi uliokua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2007 ulikua kwa chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Sahihi hutiwa siku moja. Ghala lililochomwa halijai siku hiyo.

Basi sisi tufanye nini? Katiba ya 2010 imetupa siku: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Atakayeshinda hatumjui, lakini siku tunaijua. Kwa hiyo mkopo mkubwa usipangwe kumalizika Agosti au Septemba ya mwaka huo. Mwenye kuuza mboga mjini atafute na soko la karibu, hata kama bei ni ya chini. Akiba nyingine iwekwe mahali inapoweza kutolewa upesi.

Najua kuna wanaosema kikundi nacho kisimamishe mikopo yote mpaka kura zipite. Hapo mimi nakataa. Tukifanya hivyo sisi ndio yule tajiri wa msingi. Mama anayetaka pesa kidogo ya kununua gunia la viazi apewe, na alipe kwa wiki sita. Ile ya pikipiki ndiyo ingoje.

Mkirudi nyumbani, fungueni daftari la mwaka 2017, kama panya hawajalila. Tazameni nani aliacha kulipa, mwezi gani, na alikuwa akiuza nini. Mje na majibu mkutano ujao.